Kimeiva, Lakini Je, Ni Salama? Sumu Ambazo Moto wa Jikoni Hauziwezi

Tarehe 5 Machi 2024, katika Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, familia kadhaa zilikula nyama ya kasa. Siku chache baadaye watoto 8 na mtu mzima mmoja walikuwa wamefariki, na watu 78 wamelazwa hospitalini. Mtu mzima huyo alikuwa mama wa mmoja wa watoto waliotangulia. Pemba na Amu, yaani Lamu, ni ndugu wa bahari moja, na habari kama hizo zinapofika huku swali la barazani huwa ni lile lile: kwani hawakuipika ikaiva?

Kuiva hakukuwa tatizo. Nyama ya kasa mwenye sumu uichemshe saa moja au kutwa nzima, uibanike au uikaushe juani, sumu iko pale pale. Na msiba wa Panza haukuwa wa kwanza. Novemba 2021, Pemba hiyo hiyo, watu 7 walifariki kwa nyama ya kasa, mmoja wao mtoto wa miaka 3. Machi ya mwaka huo walikuwa wamekufa watu 19 Madagaska, 9 kati yao watoto.

Hata hivyo swali la barazani si la kijinga. Tangu utotoni tumeambiwa tuchemshe maji, tupike kiive, tupashe moto kabla ya kula, na ushauri huo umeokoa roho nyingi. Kipindupindu, homa ya matumbo, salmonela, minyoo ya nyama, vyote hivi ni viumbe hai, na mbele ya moto havifui dafu. Shirika la Afya Duniani linataka chakula kifikie nyuzi joto 70 mpaka katikati, kwa sababu katika joto hilo karibu vijidudu vyote vya hatari vinakufa. Mji wa Amu unategemea maji ya visima vya kwenye vilima vya mchanga vya Shela, lakini mitaani bado kuna visima vya majumbani, na katika vichochoro vyetu kisima na choo cha shimo havikuachana mbali. Mama anayechemsha maji hayo kabla ya kumpa mtoto hapotezi kuni zake bure.

Mambo yanaharibika pale ushauri huo mzuri unapogeuzwa kuwa kinga ya kila kitu. Kinachotuumiza ndani ya chakula kiko namna mbili, na tukizichanganya ndipo tunapoteleza. Kuna vijidudu, ambavyo viko hai, vinazaana na vinakufa. Halafu kuna sumu, ambayo haina uhai. Sumu haiuawi kwa sababu haikuwa hai tangu mwanzo. Ni kemikali, na jambo la kujiuliza ni kama joto la jikoni linatosha kuivunja. Maji yanayochemka hayazidi nyuzi 100. Sufuria ya presha inafika kama 120. Mafuta ya kukaangia yanaweza kufika 180, ila hilo ni joto la mafuta yenyewe. Katikati ya kipande cha samaki, maadamu kina majimaji, joto haliendi mbali zaidi ya lile la maji yanayochemka. Ziko sumu zinazovunjika katika joto hilo. Nyingine hazitikisiki hata kidogo. Na pengine sumu yenyewe imetolewa na bakteria: hapo moto utamuua bakteria na kuiacha sumu yake, sawa na mwizi aliyekwisha kuuza mali, ukimkamata leo mali hairudi.

Sumu ya kasa wataalamu wameipa jina, chelonitoksini, ingawa kitu chenyewe bado hakijatambuliwa kikamilifu. Kinachodhaniwa zaidi ni kwamba inatokana na mwani na vimelea vya baharini ambavyo kasa anavila. Vinajikusanya mwilini mwake, yeye mwenyewe havimdhuru, na nyama haibadiliki rangi, harufu wala ladha. Wawili waliovuliwa siku moja pwani moja, mmoja anaweza kuwa hana kitu na mwenziwe akaua kitongoji. Ndiyo maana kauli ya “babu yangu kamla kasa maisha yake yote” haithibitishi lolote: babu aliwakuta wasio na sumu. Dalili zinaweza kuja baada ya saa chache au zikakawia siku kadhaa, kwanza kutapika na kuwashwa koo na mdomo, kisha usingizi mzito usio wa kawaida. Dawa ya kuipinga haipo. Watoto huathirika vibaya kuliko wakubwa, na kumeripotiwa watoto wachanga waliougua kwa kunyonya maziwa ya mama aliyekula.

Hapa nina neno na wanaoendesha kampeni za kulinda kasa. Kenya imewalinda kisheria, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali. Sawa. Lakini mahubiri mengi yanazungumzia sheria na urithi wa taifa, wakati hoja ya afya ingefika mbali zaidi. Mvuvi wa Kiwayu ukimwambia kasa ni mali ya taifa, atakusikiliza kwa adabu na kunyamaza. Mwambie kwamba kasa aliyeua watoto Panza hakuwa na alama yoyote ya kumtofautisha na mwingine, atakuuliza swali la pili. Wale wanaonunua mafuta ya kasa kwa ajili ya pumu ya mtoto nao wakumbuke kuwa yametoka kwa mnyama yule yule ambaye hakuna ajuaye alikula nini.

Tumwache kasa, maana wengi wetu hatumli. Jodari tunamla.

Fikiria dau linaloingia Amu saa nne asubuhi, msimu wa kaskazi, bahari imetulia na jua limekwisha kuwa kali. Jodari wamelazwa ndani, wamefunikwa gunia lililoloweshwa maji ya chumvi. Mnunuzi anashuka gatini, anafunua gunia, anatazama macho: angavu. Anainua matamvua: mekundu. Anabonyeza ubavu kwa kidole, nyama inarudi. Ananusa, anasikia bahari tu. Kwa kila kipimo alichorithi kwa wazee wake, huyu ni samaki mzuri. Asilolijua ni kwamba samaki alikatika roho saa tisa za usiku, na tangu hapo hajaona barafu.

Jodari, sehewa, vibua na aina nyingi za dagaa wana kitu kwa wingi katika nyama yao kinachoitwa histidini. Kikiwa chenyewe hakina neno. Lakini kwenye matamvua na tumbo la samaki wanaishi bakteria ambao, samaki akifa na mwili ukibaki na joto, wanaingia kwenye nyama na kuigeuza histidini kuwa histamini. Histamini ni ile ile ambayo mwili wako huimwaga wenyewe ukiumwa na nyuki au ukipata mzio. Ukiila ya kutosha ndani ya samaki, mwili unaitikia kana kwamba umeshambuliwa: uso na shingo vinakuwa vyekundu na moto, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, mwili unawasha, midomo inachonyota, wengine wanatapika au kuharisha. Huanza ndani ya dakika chache mpaka saa moja au mbili, na kwa wengi huwa yamekwisha katika siku moja.

Histamini ikishaingia haitoki. Huiondoi kwa kukaanga wala kuchemsha, kwa kubanika wala kukausha, hata kwa kuigandisha kwenye friji. Viwanda vya samaki wa makopo vinapika kwa presha na joto kubwa kuliko jiko lolote la nyumbani, na navyo haviwezi kuiondoa, ndiyo sababu vinapima samaki kabla hawajaingia kopo. Tena, kimeng’enya ambacho bakteria wanakitumia kuitengeneza kinaweza kuendelea na kazi hata baada ya bakteria wenyewe kufa. Barafu ya kuchelewa inazuia mabaya yasizidi, yaliyokwisha kutokea haiyafuti.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ambayo ina uzoefu mrefu na samaki hawa, inawaelekeza wavuvi hivi: iwapo hewa au maji yamezidi nyuzi joto 28.3, samaki wa aina hii awe ndani ya barafu katika muda usiozidi saa 6 tangu alipokufa. Wakati wa kaskazi maji yetu yanakaribia nyuzi hizo na pengine kuzipita, na hewa ya mchana haina haja ya kuzungumziwa. Gunia la maji linasaidia kidogo, maana maji yakikauka hupoza, lakini halifiki hata karibu na nyuzi 4 zinazotakiwa. Jodari naye ana tabia yake: tofauti na samaki wengi, mwili wake huwa na joto kushinda maji anamoogelea, na akipambana na mshipi huzidi. Samaki mkubwa huchukua saa nyingi kupoa mpaka mfupani.

Basi kwa nini watu wa Amu na Malindi hawaanguki kila wiki? Kwanza, samaki wengi wanaoliwa hapa hawamo kwenye kundi hilo. Changu na tewa hawana histidini ya kutisha, wao wakiharibika huoza wazi na pua inakuambia. Pili, dau nyingi huvua karibu na kurudi mapema. Tatu, naamini huu ndio uzito wa jambo, watu wanaugua na hawahesabiwi. Mtu akiwashwa na kuwa mwekundu baada ya mlo husema samaki amemkataa, anameza kidonge cha mzio, anapona, na tangu siku hiyo hali jodari. Pengine hana mzio wowote. Alikutana na samaki aliyekawia juani.

Kutofautisha hayo mawili si kazi ngumu kwetu sisi tunaokula sinia moja. Mzio wa kweli humshika mtu mmoja, naye humrudia kila akila samaki yule. Histamini huwashika kadhaa waliokula pamoja, kwa wakati mmoja, na wiki ijayo wakila jodari mwingine aliyetunzwa vizuri hapana kitu. Si lazima wote waugue, kwa kuwa histamini haisambai sawasawa. Kipande cha karibu na tumbo kinaweza kuwa nayo tele na cha mkiani kisiwe na kitu. Wengine husikia ukali kama wa pilipili ulimini pale wanapotafuna, ila kwenye samaki wa kupaka, penye nazi, ukwaju na pilipili yenyewe, nani atausikia?

Dawa za kawaida za mzio husaidia. Mtu anayebanwa na pumzi, anayevimba koo, mwenye maradhi ya moyo au anayezimia asingojee kidonge kifanye kazi. Apandishwe mashua mara moja apelekwe hospitali.

Bunju, yule samaki anayejivimbisha, nitampita upesi kwa sababu wavuvi wetu wanamjua na humtupa, ingawa watoto na wageni hawamjui. Sumu yake, tetrodotoksini, iko hasa kwenye ini, mayai na ngozi, na haivunjwi na mapishi. Hufa ganzi midomo kwanza, kisha viungo, kisha misuli ya kupumua inasimama huku mtu akili zake anazo. Nahodha James Cook alionja bunju huko New Caledonia mwaka 1774 na nusura asirudi kwao. Japani mpishi hamgusi bila leseni.

Sasa twende kwenye wali, maana humo ndimo wengi hawategemei.

Mchele unatoka shambani na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye anaishi udongoni. Bakteria huyu akibanwa hujifungia ndani ya gamba gumu, na gamba hilo linastahimili maji yanayochemka. Kwa hiyo sufuria ya wali wa nazi uliopikwa ukaiva kabisa ina mbegu hizo zikiwa zimelala. Ukila wali ungali moto, hakuna shida. Ukiuacha sufurianimo mpaka asubuhi, katika usiku wa Amu usio na upepo, mbegu zinaamka, zinazaana, na baadhi yake hutoa sumu inayoitwa sereulidi. Sumu hiyo imejaribiwa katika nyuzi joto 121 kwa dakika 90 ikabaki na nguvu zake. Mwiku ulioupasha asubuhi kwenye kikaango kwa dakika tano si lolote kwake. Anayekula hutapika katika saa 1 mpaka 6. Kwa watu wazima wenye afya mara nyingi huishia hapo, lakini mwaka 2008 huko Ubelgiji kijana wa miaka 20 alipasha tambi zilizokaa siku tano nje ya friji, na usiku huo huo ini lake likafa naye akafa.

Sisemi watu waache mwiku. Mwiku na chai ya maziwa ni riziki. Neno liko kwenye saa zinazopita kati ya kupakua usiku na kupasha asubuhi. Wali uliobaki ukiwekwa kwenye friji ndani ya saa mbili haumpi bakteria nafasi. Asiye na friji apike wa kutosha usiku tu, au ubaki kidogo ule kabla ya kulala.

Kwenye karamu hesabu inakuwa kubwa zaidi. Mfungo Sita, siku za Maulidi, na katika harusi za siku tatu, biriani na pilau hupikwa kwenye masufuria ambayo mtoto anaweza kujificha ndani yake. Chakula kizito cha kina kirefu kama hicho hakipoi. Juu utaona kimepoa, katikati bado kina joto lile la kuzalisha vijidudu, kati ya nyuzi 5 na 60, na hukaa hivyo saa nyingi. Kwenye mchuzi wa nyama yupo bakteria mwingine, Clostridium perfringens, ambaye naye mbegu zake huvuka moto. Kwa huyu kupasha kunasaidia kweli: anaumiza akiingia tumboni akiwa hai na kwa wingi, na mchuzi ukichemka tena mpaka ukatokota humuua. Basi katika karamu moja, pasha pasha hiyo hiyo itaokoa mchuzi na haitaokoa wali.

Mpishi mwenyewe pia ana lake. Staphylococcus aureus anaishi puani na kwenye ngozi zetu, na hushamiri kwenye kidonda au jipu la mkono. Aliyefunga kidole kitambaa na anachambua nyama ya sambusa iliyokwisha kupikwa anampanda bakteria huyo kwenye chakula. Nyama hiyo ikikaa nje saa kadhaa, sumu inatengenezwa, na sumu hiyo huvumilia kuchemshwa nusu saa. Wageni wanaanza kutapika hata kabla ya bibi harusi hajatoka, na jirani aliyetengeneza juisi ndiye hulaumiwa.

Tunacho chombo bora kabisa cha kupozea chakula na hatukitumii hivyo: sinia. Chakula kilichotandazwa kwenye sinia pana, kimo cha vidole viwili, hupoa haraka kuliko kilichoachwa sufuriani. Wanaotaka kuhifadhi biriani ya kesho waitandaze kwenye masinia, mvuke utoke, kisha waitie frijini katika vyombo vidogo. Kuiweka sufuria nzima ya moto ndani ya friji hakupozi chakula, kunalipasha moto friji.

Sumukuvu ni habari nyingine kabisa, kwa sababu haikuumizi leo. Ni sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga, shambani wakati wa ukame na ghalani wakati wa unyevu. Wanasayansi waliianza kuifuatilia baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa chakula cha karanga zilizooza. Kenya tuliijua kwa uchungu mwaka 2004, Makueni na Kitui kukiwa kitovu: wagonjwa 317, vifo 125. Hao walikula nyingi kwa mara moja. Sisi wengine tunakula kidogo kidogo kwa miaka, na hatari yake ni saratani ya ini, hasa kwa aliye na homa ya ini aina ya B.

Kiwango kinachoruhusiwa kwenye mahindi nchini ni mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa lugha ya ghalani, hiyo ni gramu moja ndani ya magunia zaidi ya elfu moja ya kilo 90. Kwa kiasi hicho jicho halina kazi, na ulimi vile vile. Sima haipiti nyuzi 100 na sumukuvu inahitaji zaidi ya 260 kuvunjika. Kuchuja unga hakusaidii, kuuanika juani baada ya kusagwa hakusaidii. Kinachosaidia kinafanyika mapema: kukausha mahindi mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5, kuyaweka juu ya vichanja badala ya sakafuni, kuchambua na kutupa punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizoliwa na wadudu. Kukoboa nako kunapunguza, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Anayepeleka mahindi yake mwenyewe kinuni Mpeketoni au Witu ana nafasi ya kufanya hayo yote. Anayenunua kiroba dukani anawategemea watu wengine, na hao si wa kuaminiwa kwa macho: Novemba 2019 shirika la viwango la nchi lilisimamisha chapa tano za unga kwa sababu hii. Maganda na pumba za mahindi mabaya msimpe ng’ombe wa maziwa mkidhani mmeokoa hasara, maana sumu hupita kwenye maziwa na kurudi mezani.

Isije mtu akaondoka hapa akidhani moto hauna maana kwa sumu yoyote. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo huvunjika yakitokota kwa nguvu dakika kumi au zaidi, na haivunjiki yakiachwa yavuguvugu kwenye jiko hafifu. Sumu ya botulini, moja ya sumu kali mno duniani, huvunjwa na joto la nyuzi 85 kwa dakika tano. Na muhogo una kemikali zinazotoa sianidi ambazo hupungua kwa kumenya, kuloweka, kukausha na kuchemsha sufuria ikiwa wazi. Huo tunaouchemsha kwa nazi Malindi ni wa aina tamu, ambao kumenya na kuchemsha kunautosha. Unga wa muhogo mchungu ndio uliowagonjesha watu 98 wilayani Kasese, Uganda, Septemba 2017, wawili wakafa, baadhi yao wakiwa wamekula mazishini.

Ukitazama orodha hii yote, kwa mji wa bahari kama wetu kinachokosekana zaidi si kuni wala gesi. Ni barafu. Mabango ya afya yanasema osha mikono na pika kiive, na ni kweli, lakini mvuvi wa Kizingitini au Faza anayetoka usiku bila barafu bango hilo halimsaidii. Barafu inayotosha katika joto letu ni kama kilo moja kwa kila kilo ya samaki, iliyopondwa na kutandazwa chini, juu na ubavuni, na hilo ni gharama anayoweza kuibeba akiwa na uhakika wa bei. Samaki wa kwenda Mombasa hupewa barafu kwanza kwa sababu mnunuzi wa kule huikagua. Wa sokoni karibu na Ngome hukaguliwa macho na matamvua. Wizara ya uvuvi inahesabu mitambo ya barafu katika mambo ya biashara. Mimi ningeihesabu pamoja na chanjo na maji safi. Mnunuzi naye anaweza kuongeza swali moja kwenye mnada: si “ni wa leo?” bali “alitolewa majini saa ngapi, na aliwekwa barafu saa ngapi?” Muuzaji asiyejua jibu akuuzie changu.

Na ikitokea watu wa sinia moja wameugua, msafishe kila kitu baadaye. Kipande kilichobaki kifungwe kwenye mfuko na kuwekwa frijini, kisitupiwe paka wa mtaa, maana ndicho kitakachopimwa. Mgonjwa akifika hospitali ya King Fahd au zahanati yoyote, anayempeleka awe na majibu manne: walikula nini, saa ngapi, dalili ya kwanza ilianza saa ngapi, na ni nani kati ya waliokula hakuugua. Saa hizo humwonyesha daktari njia: dakika chache na uso mwekundu atawaza histamini, saa mbili za kutapika atawaza wali au mkono wa mpishi, ganzi ya midomo ataharakisha mashine ya kupumulia. Aliyekula kasa aseme kasa. Wauguzi hawakuitwa polisi, na aliyeficha alichokula huwaachia wao kubahatisha wakati mtoto analala usingizi usioamka.